Waya Usiojibu

Mara ya kwanza Kabiru kuuona ule mstari, alidhani macho yake yamechoka. Ilikuwa alasiri ya Januari. Jua la kiangazi lilikuwa limelipiga ghala la nne ubavu wa magharibi mpaka mabati yakawa yanalia, na ndani ya chumba chake kidogo kioo cha kompyuta kuukuu kikaandika kwa herufi za kijani: GHALA 4, KITUFE CHA SHIMO: SIMAMISHA.

Ghala la nne lilikuwa tupu. Lilifungwa kwa mnyororo tangu Novemba, asubuhi ile walipomtoa Kipngetich chini yake akiwa amefukiwa na mahindi. Kabiru aliinuka, akalizunguka ghala kwa hatua za mtu anayeogopa kuonekana anakimbia. Mnyororo ulikuwa pale pale. Kufuli ilikuwa imefungwa. Vumbi kwenye ngazi ya kushukia shimoni halikuwa na unyayo hata wa paka.

Akarudi, akaketi. Mstari ulikuwa bado unamtazama, na muhuri wake ulikuwa halali.

Kesho yake ukaja tena, jua lilipofika upande ule ule. Na keshokutwa. Mtu mwingine angesema ni hitilafu, akazima kompyuta akaenda zake. Kabiru hangeweza, kwa sababu kompyuta hiyo, na waya ulioingia ndani yake, vilikuwa kazi ya mikono yake, na kwa kinywa cha waya huo alikuwa ameshatoa ushahidi dhidi ya rafiki yake Kipngetich.

Kiwanda hicho cha kukausha mahindi kiko kando ya barabara ya kwenda Sugoi. Wakulima huleta mahindi mabichi kwa trekta na malori, yakapulizwa moto, yakahifadhiwa kwenye maghala marefu ya chuma. Chini ya kila ghala pana shimo la zege, na shimoni mna bomba lenye chuma kinachozunguka kama parafujo, kikiyasukuma mahindi kwenda nje. Mahindi yakikwama, lazima mtu ashuke ayazibue. Mtu huyo alikuwa Kipngetich.

Zamani mtu hakushuka shimoni hivi hivi. Palikuwa na mpini wa chuma, mrefu kama mkono. Aliushusha kwa uzito wa mwili wake, akautia kufuli yake mwenyewe, akaweka ufunguo mfukoni. Kisha akachukua spana, akaligonga bomba mara tatu. Aliyekuwa juu akasikia, akaacha alichokuwa akifanya, akagonga mara tatu kumjibu. Desturi hiyo waliiita hodi. Asiyejibiwa hakuingia, hata kama msimamizi anafoka. Kwa miaka mingi aliyekuwa juu ni Kabiru, na aliyekuwa chini ni Kipngetich, na wawili hao walizungumza zaidi kwa bomba kuliko kwa mdomo. Mke wa Kabiru, alipokuwa hai, alikuwa akimcheka kwamba hata mezani anagonga kikombe mara tatu akitaka chai.

Kisha maendeleo yakafika. Mipini ilikatwa kwa gesi, ikauzwa kwa kilo. Mahali pake pakawekwa vitufe vyekundu, vizuri kama pipi, na kila kitufe na kijitaa chake cha kuthibitisha kwamba amri imepokewa. Parafujo sasa ziliwashwa na mtu aliyekaa ofisini mjini, kwa simu, huku anakunywa kahawa. Tangazo likabandikwa ukutani: kugonga mabomba ni marufuku, kunaharibu rangi. Mwaka wa kwanza vile vijitaa vilianza kufa kimoja kimoja kwa vumbi. Hakuna aliyevibadilisha. Watu wakazoea kubonyeza na kwenda, bila kusubiri jibu, na desturi nzima ya hodi ikafa hivyo, bila hata mtu wa kuisindikiza.

Hayo yote Kabiru aliyameza. Kilichomrudisha kwenye fahari ni wizi. Uzito wa mahindi ya wakulima ulianza kubadilika wenyewe ndani ya mtambo. Mtu analala na magunia yake kamili, anaamka yamepungua. Wakulima walipiga kelele mpaka wakurugenzi wa chama cha ushirika wakasema: tunataka kumbukumbu ya kila kinachofanyika, mahali ambapo hakuna mkono utakaoifikia.

Kabiru alikuwa amejifunza nyaya akiwa kijana kwenye jengo la simu za zamani, na mengine aliyasoma katika vitabu vilivyotumika, vya kununua chini kando ya barabara. Akawaambia wasinunue chochote kipya. Alichukua kompyuta iliyotupwa, akaiweka chumba cha pili, kilichopakana ukuta na mtambo mkuu. Katikati akapitisha kebo nene ya kijivu ya mtindo wa kale, ile inayopeleka herufi moja nyuma ya nyingine kama ng'ombe wakiingia dipu. Kebo ya aina hiyo huwa na waya wa kupeleka na waya wa kurudisha. Ule wa kurudisha Kabiru aliukata kwa koleo. Mtambo ungeweza kusema. Kompyuta ingeweza kusikia tu. Haikuwa na mtandao wala njia ya kujibu, kwa hiyo hakuna mwizi wa mjini aliyeweza kuifikia. Na kila mstari ulibeba muhuri wa tarakimu, uliokokotolewa kwa neno la siri kutoka kwa maneno yake na kutoka kwa muhuri wa mstari uliotangulia. Ukiondoa mmoja au ukibadilisha herufi, mihuri yote inayofuata inakataa.

Wizi uliisha. Watu wakamwita Kabiru shahidi. Alilipenda jina hilo kuliko alivyopaswa.

Halafu ikaja ile asubuhi ya Novemba, ukungu mzito, baridi ya kung'ata vidole. Parafujo ya ghala la nne ilikuwa imetulia, mahindi yamekwama. Kipngetich alishuka. Akiwa ndani, mtu wa mjini akaiwasha.

Kikao cha uchunguzi kilifanyika ofisini. Jemutai, mjane, alikaa kando ya wifi yake Priscah, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mrefu aliyekuwa mwalimu na ambaye bado alimtazama kila mtu kama amechelewa darasani. Meneja alimgeukia Kabiru.

"Mzee, kuna mstari wa kitufe cha shimo?"

"Hakuna."

"Inawezekana mtu ameufuta?"

"Haufutiki," alisema Kabiru. "Mihuri yote imekubali. Kama ungekuwepo, ungekuwepo."

Ikaandikwa kwamba marehemu aliingia bila kusimamisha mtambo. Lakini maneno hayakubaki ofisini. Yalipofika nyumbani kwa kina Kipngetich, upande wa Kaptagat, yalikuwa yameota meno. Watu walisema mtu aliyefanya kazi ile maisha yake yote hawezi kusahau kubonyeza. Walikumbuka jinsi alivyokuwa kimya tangu mipini ikatwe. Hakusahau, wakasema. Alitaka.

Mwishoni mwa Januari Jemutai alikuja langoni pa kiwanda, amejifunga leso juu ya sweta, na hakutaka kuketi.

"Karibu chai, Mama Kiplimo," alisema Kabiru. Waliitana kwa majina ya wana wao.

"Sikuja chai, Baba Wacera. Nimekuja unitazame uso useme tena."

"Niseme nini?"

"Kwamba hakubonyeza." Alisubiri. "Mke wa Kiplimo anajifungua mwezi ujao. Ni mjukuu wa kwanza. Unajua vile sisi hufanya."

Kabiru alijua. Ameishi na watu hao tangu utoto. Siku hizi mtoto huzaliwa hospitalini na kubatizwa kanisani kama kila mtu, lakini anapofikishwa nyumbani, kina mama wazee bado hufunga mlango na kuanza kuwaita waliokufa wa ukoo, jina baada ya jina, mpaka mtoto apige chafya. Jina alilopigia chafya ndilo lake, na aliyeitwa amerudi nyumbani.

"Priscah amekataa," Jemutai alisema. "Anasema aliyejiua haitwi. Anasema tukimwita, tunamwekea mtoto shimo. Na katika nyumba yetu asipoitwa kwa mjukuu wa kwanza, haitwi tena. Anabaki nje."

"Mama Kiplimo, mimi nilisema tu kilichoandikwa."

"Mwaka ule wa moshi, walipokuwa wakichoma nyumba za kabila lenu na kuuliza yako ni gani, alikuficha wapi?"

Kabiru alitazama chini. "Ghala la nne."

"Usiku na mchana. Na akija na chakula alifanya nini kwanza?"

"Aligonga."

"Basi," alisema Jemutai, na kuondoka.

Kabiru hakumwambia kuhusu ule mstari. Angeuelezaje? Kila alasiri yenye jua, Kipngetich alikuwa akiandika kutoka shimoni kwamba simamisheni, na Kabiru alikuwa akimsoma, na hakuwa na waya wa kumjibia. Alikuwa ameukata mwenyewe. Alianza kuogopa saa ya chai. Alijaribu kukaa nje na walinzi, lakini alijua kwamba ndani herufi zinapita, moja nyuma ya nyingine, na kutokuzisoma kulikuwa kubaya zaidi. Siku moja alijikuta amesema kwa sauti, peke yake mbele ya kioo, "Nimesikia, ndugu yangu." Kioo kikabaki kilivyo.

Mvua ndiyo iliyomfungua macho. Mawingu yasiyo ya msimu yalikaa juu ya Eldoret karibu wiki nzima, na kwa siku hizo zote Kipngetich hakuandika. Jua liliporudi, naye akarudi. Kabiru alirudi nyuma kwenye kumbukumbu, akatazama. Hapakuwa na alasiri hata moja ya baridi yenye mstari, wala asubuhi yoyote. Akakumbuka baridi ya asubuhi ile ya Novemba, na safari hii hofu yake haikuwa ya marehemu.

Alimtafuta Aloo, fundi wa umeme wa kiwanda, mtu mnene mwenye mzaha ambaye hakuwahi kupanda ngazi bila kulalamika.

"Unataka nishuke shimoni huko asubuhi na baridi hii?" Aloo alisema. "Mzee, huyo jamaa akinishika mguu, utanikuta Kisumu bila viatu."

"Atakuuliza tu kwa nini hukugonga kwanza."

"Kugonga nini?"

Kabiru akamfundisha, kama mtu anayemfundisha mwenzake sala. Simu haishiki ndani ya zege, kwa hiyo wangetumia bomba. Aloo angebonyeza kitufe, kisha angegonga mara tatu ili Kabiru ajue amebonyeza. Walikata umeme wa injini kwenye swichi kuu, na Kabiru akaitia kufuli yake mwenyewe, ufunguo mfukoni. Mtambo wa kumbukumbu una umeme wake; huo waliuacha.

Kulikuwa kumepambazuka tu, ukungu bado umekaa juu ya maghala. Kabiru aliketi mbele ya kioo, spana mapajani.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mlio ulipita kwenye chuma, ukapita ukutani, ukamwingia kifuani. Ilikuwa miaka mitano hajausikia. Kwa muda hakuweza kutazama kioo. Alikuwa akitazama ukuta, mahali ulipotokea, kama vile mtu angepenya pale akiwa na kofia yake ya sufu na vumbi la mahindi kwenye nyusi.

Kisha akatazama kioo. Hapakuwa na kitu.

Alinyanyua spana, akagonga mara tatu kujibu. Kimya. Halafu tena, kutoka chini, kwa nguvu zaidi: ngo, ngo, ngo. Aloo amebonyeza tena. Kioo hakikuandika. Mara ya tatu ilipokuja, Kabiru alikuwa ameshaweka mkono mdomoni.

Alitoka akasimama juu ya shimo. "Umebonyeza kweli?"

"Mpaka kidole kinauma!"

"Shika hii." Akamshushia chupa ya chai ya moto. "Iegemeze kwenye kile kisanduku cha kitufe. Usibonyeze. Usikiguse."

Akarudi akangoja. Mara hii bomba lilikuwa kimya kabisa, na katika kimya hicho kioo kikaandika: GHALA 4, KITUFE CHA SHIMO: SIMAMISHA. Muhuri ulikuwa halali.

Aloo alipokifungua kitufe, walikuta kipande cha plastiki ndani kimepasuka. Kikiwa na baridi kilijikunja, na vyuma havikugusana hata ukibonyeza kwa ngumi. Kikipata joto kilivimba, vyuma vikagusana bila mtu kubonyeza. Kijitaa ambacho kingemwonya mtu kwamba amri haikufika kilikuwa maiti tangu zamani.

"Kwa hiyo hakuna mzimu," alisema Aloo, akionekana kama aliyedhulumiwa.

Kabiru alirudi mbele ya kioo. Alikuwa ameiziba kumbukumbu yake kila upande ili mtu asiweke uongo ndani, na mihuri yake yote ilikuwa imesema kweli: kila neno lililotumwa lilifika kama lilivyotumwa. Neno ambalo halikutumwa haikulijua, wala yeye. Naye alikuwa amesimama mbele ya mjane akaapa kana kwamba kimya ni ushahidi.

Meneja alisoma taarifa yake, akasema suala hilo litafikiriwa, na kitufe kipya kikafungwa siku hiyo hiyo kwa haraka ambayo haikuwahi kuonekana kiwandani. Kile cha zamani Aloo alikiunganisha na betri na balbu ya tochi, akampa Kabiru mkononi. "Wapelekee waone. Maneno yako wameshayasikia."

Alipanda Kaptagat asubuhi, kabla baridi haijaisha, akawakuta Jemutai na Priscah jikoni. Mtoto alikuwa amezaliwa juzi. Angeletwa nyumbani jioni. Priscah hakumkaribisha. Kabiru aliweka kitufe mezani, kati ya kibuyu cha maziwa ya mursik na vikombe.

"Ndicho hicho?" aliuliza Priscah.

"Ndicho. Kikibonyezwa, balbu inatakiwa kuwaka."

Priscah alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole gumba, akabonyeza. Balbu haikuwaka. Akabonyeza tena. Akaweka vidole gumba vyote viwili, akainuka kwenye kiti, akakikandamiza mpaka meza ikalia, na balbu ikabaki jicho la kipofu.

"Kwa hiyo ndugu yangu alibonyeza," alisema.

Jemutai alimtazama Kabiru. Neno moja lingetosha, na lingekuwa tamu kwa watu wote watatu.

"Sijui, Mwalimu," alisema Kabiru. "Parafujo ilikuwa imetulia. Angebonyeza, asingeona tofauti. Taa ilikufa. Hilo najua. Kama alibonyeza, sijui."

"Novemba ulijua."

"Novemba niliona hakuna kilichoandikwa, nikasema hakuna kilichofanyika. Sikuwa na haki ya kusema hivyo. Nimekuja kuyaondoa maneno yangu. Sina mengine ya kuweka mahali pake."

"Mzee mzima," alisema Priscah. "Unatembea na kitufe kibovu mfukoni kuja kuniambia hujui."

"Ndiyo."

Priscah akakaa. Alikizungusha kile kitufe mkononi, akaendelea kukibonyeza polepole, tena na tena, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ambayo anajua mna mtu.

Kabiru aliombwa abaki. Jioni alikaa nje na Kiplimo, baba wa mtoto, chini ya ukuta wa jikoni, wote wawili wanaume na kwa hiyo wasiohitajika. Mlango ulikuwa umefungwa. Kupitia mbao waliweza kusikia kila kitu na hawakuruhusiwa kusema lolote. Kiplimo aliuma kucha. Kabiru alifikiria juu ya kompyuta yake ndani ya chumba chake.

Sauti za wazee ziliita jina la babu wa babu. Kimya. Wakaita la mjomba aliyekufa vitani. Kimya. Kukawa na kunong'ona, kisha sauti nyembamba ya Jemutai:

"Kipngetich."

Kiplimo aliacha kucha zake. Ndani hapakusikika kitu, hata pumzi. Kimya kikarefuka mpaka ng'ombe zizini wakasikika wakicheua.

"Amekataa," sauti moja ya kizee ilisema, bila ubaya. "Twende kwa mwingine."

"Hapana." Huyo alikuwa Priscah. "Mwiteni tena. Labda hakusikia."

Wakamwita tena. Wakamwita mara ya tatu, sauti nyingi pamoja. Na mtoto akapiga chafya, ndogo, yenye hasira, na nyumba nzima ikapasuka kwa vigelegele. Wapo watakaosema ni ugoro, kwamba ajuza fulani alikuwa na tumbaku kidoleni. Wenye kusema hivyo ndio hao hao waliokata mipini.

Jumatatu Kabiru alirudi kazini. Alasiri jua lililipiga ghala la nne, mabati yakalia, na kioo hakikuandika kitu. Kitufe kipya kilikuwa kizima. Kesho yake pia hakikuandika, na keshokutwa. Alipaswa kushukuru. Badala yake alianza kukawia chumbani baada ya wenzake kwenda, akiutazama ule mstari wa mwisho, ukisogea juu kidogo kidogo kila mstari mwingine ulipoingia, mpaka ukapotea kileleni mwa kioo.

Siku hiyo alichukua spana. Tangazo la kukataza bado lilikuwa ukutani. Aliligonga bomba mara tatu, akainamisha kichwa, akaweka sikio juu ya chuma. Chuma kilikuwa na joto la jua. Akasubiri hapo muda mrefu, kwa adabu, kama walivyokuwa wakisubiriana.

Mlinzi alimkuta hivyo alipokuja kufunga.

"Mzee, kuna mtu huko?"

"Bado," alisema Kabiru, na hakuondoa sikio.